AL (dawa ya malaria yenye artemeta na lumefantrini): dozi ya pili ni lazima usiku wa manane?

Mkaazi wa Likoni: Mtoto wa kilo 17 kapimwa, ana malaria. Kapewa AL, vidonge 2 kila dozi. Ya kwanza kameza leo saa kumi na mbili jioni. Nimwamshe saa nane usiku au ningoje kuche?

Mfamasia Kisauni: Mwamshe, dadangu. Ya pili ni masaa 8 baada ya ya kwanza. Zilizobaki zahesabiwa kutoka ile ya kwanza: masaa 24, 36, 48, 60. Kwako ni kesho jioni, kesho kutwa asubuhi na jioni, mtondo asubuhi. Jumla vidonge 12.

Muuguzi: Tumbo lisiwe tupu. Lumefantrini yataka mafuta ndiyo ifyonzwe. Maziwa au uji wa tui watosha, chai ya rangi haisaidii kitu. Akitapika kabla ya nusu saa, rudia dozi nzima, kisha ufuate vidonge vya kufidia kituoni.

Mfamasia Kisauni: Homa ikishuka kesho usikatize. Artemeta huua vimelea upesi lakini haikai mwilini; lumefantrini ndiyo humalizia masalia. Degedege, kulegea, au kutapika kila kitu: hospitali papo hapo.