Kikundi cha familia: Unguja tulale mtaa gani?

Mama Latifa: Assalam aleikum wote. Shikamoo mjomba, shikamoo shangazi. Korosho zimelipwa na shule zinafungwa, kwa hiyo ile safari ya Unguja sasa ipo kweli. Tupo sita pamoja na Bibi, tutalala siku tatu. Kilichobaki ni mtaa wa kulala pale Mji Mkongwe. Kila mtu atoe lake leo, maana tukisogelea Krismasi bei zinapanda.

Hamisi: Dada, mimi nasema Shangani. Shangani ya kule, siyo hii yetu ya Mtwara. Bahari ipo mlangoni, na bustani ya Forodhani ukitoka tu umefika.

Shangazi Kikwajuni: Waaleikum salaam wanangu. Marahaba. Ila mimi nashangaa khasa. Mna shangazi yenu Unguja, mnatafuta gesti?

Mama Latifa: Shangazi, usituhesabie kosa. Nyumba yako ina vyumba viwili na wajukuu wamejaa. Tukija sita tutawatoa watoto vitandani, na wewe utalala chini kwa kutuheshimu. Hilo silitaki.

Shangazi Kikwajuni: Haya. Bas chakula cha Ijumaa ni kwangu, nyote, na hilo halina mjadala.

Mjomba Mikindani: Marahaba Mama Latifa. Mimi nilipokuwa nafanya biashara nilikuwa nalala Malindi. Boti inashusha hapo hapo bandarini, unatoka getini na begi lako, hulipi teksi. Ukiamka unashika barabara ya pwani: unapita jengo la Dispensari ya zamani lenye roshani za mbao, Mti Mkubwa, jumba la masultani, Beit al-Ajaib (lile Jumba la Maajabu), halafu Ngome Kongwe. Na Msikiti wa Mnara uko huko huko. Ni mwendo mfupi, hata mtu mzima anaumudu.

Hamisi: Beit al-Ajaib si iliporomoka mjomba?

Mjomba Mikindani: Upande mmoja, Desemba 2020. Iliniuma kama nyumba ya baba yangu. Lakini hata hivyo watoto waione.

Shangazi Kikwajuni: Malindi kweli ni karibu na boti, kaka. Ila alfajiri haina utulivu. Bandari inaamka mapema, malori, samaki, makuli wanaitana. Kwa msafiri wa usiku mmoja sawa. Kwa Bibi wa siku tatu, mimi ningefikiri mara mbili.

Latifa: Shikamooni wote. Nimeona nyumba moja Kiponda, nzuri mno 😍 kitanda cha kuchonga, kuta nene za mawe, na unakunywa chai juu ya paa unaona mji mzima.

Shangazi Kikwajuni: Marahaba mwanangu. Kiponda na Hurumzi ndiyo mji wenyewe, milango yake mtaitazama mpaka mchoke. Sasa nikuulize, hiyo chai ya juu ya paa, Bibi atapandaje? Ngazi za nyumba zile ni za mbao, zimesimama wima, na vipago vyake virefu. Na gari haingii kwenye vichochoro. Mtashushwa nje, mizigo mtampa hamali na rukwama lake, nyinyi mfuate kwa miguu.

Mama Latifa: Hapo ndipo nilipokuwa nataka tufike. Mtaa tuupime kwa magoti ya Bibi kwanza, mengine yafuate. Tukipata pazuri ambapo yeye anabaki chumbani siku nzima, tumempeleka Unguja kufanya nini?

Hamisi: Lakini Shangani gari linafika dada. Barabara ya Kenyatta inapita mpaka posta.

Shangazi Kikwajuni: Hamisi hajakosea. Gari lafika, na usiku kuna taa na watu, unatembea bila wasiwasi. Lakini hoteli nyingi za pale zimepangiwa watalii, na bei ni hizo hizo. Baadhi ya mahali muziki unapigwa mpaka usiku mwingi. Forodhani mnaweza kuja kila jioni kula urojo na mishikaki kisha mkarudi kulala kwengine. Ulizeni bei kabla hamjaagiza.

Mama Latifa: Mimi moyo wangu uko Mkunazini, na niseme kwa nini. Lile kanisa la Waanglikana limejengwa pale pale palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873. Pana zile sanamu za watu shimoni, minyororo shingoni. Watu waliouzwa pale wengi walitoka huku kwetu na kule Nyasa, wakatembezwa mpaka pwani, wakapakiwa majahazi Kilwa na kwengine. Nafundisha somo hili kila mwaka na watoto wananukuu tu. Nataka wanangu wasimame pale asubuhi, kabla jua halijawa kali na watalii hawajajaa, wasikimbizwe na mtu. Ukilala mbali unafika saa tano, watoto wamechoka na wanataka soda.

Mjomba Mikindani: Hapo umenigusa. Na ndani ya kanisa waonyeshwe ule msalaba wa mbao. Mti wake ulitoka Chitambo, kule Zambia, ulipozikwa moyo wa Livingstone, yule mmisionari mpelelezi. Safari yake ile ya mwisho ya bara aliianzia hapa Mikindani, 1866. Watoto wanapita kila siku kwenye kibao chake hawajui alikoishia.

Latifa: Bibi yuko hapa, ananiambia niandike. Anasema: "Shangani na Kiponda mimi sizijui. Nataka mahali ninaposikia adhana, choo kiwe karibu na kitanda, na sokoni nifike kwa miguu yangu. Bibi yangu alinisimulia habari za misafara ile. Huko kwenye soko la watu nitakwenda, hata kwa kushikwa mkono."

Mama Latifa: Bibi amemaliza.

Shangazi Kikwajuni: Basi Mkunazini, lakini si ya ndani. Tafuteni upande wa nje, karibu na barabara ya Mkapa. Teksi inakushusheni karibu na mlango, kanisani ni hatua chache, na Soko la Darajani Bibi atafika mwenyewe, pole pole. Msikiti hautawapoteeni. Forodhani jioni mnakata mji kwa miguu, na Bibi mkimchukulia teksi ya kuzungukia Vuga ni sawa pia.

Hamisi: Na tukikosa chumba cha chini?

Shangazi Kikwajuni: Mkikosa, Vuga. Barabara pana, pametulia, Hospitali ya Mnazi Mmoja iko jirani, na Bibi ana presha. Haina uchangamfu wa mji ndani lakini hamtajuta.

Hamisi: Nimekubali. Mkunazini, kisha Vuga. Shangani mimi nitaogelea tu jioni.

Mama Latifa: Ahsante kaka. Shangazi, naomba ukatutazamie kwa macho yako, picha za kwenye simu haziniambii kitu kuhusu ngazi. Vyumba viwili, kimoja lazima kiwe chini, choo ndani, cha kukaa siyo cha kuchuchumaa. Uliza maji ya moto na feni, na kama chai ya asubuhi imo kwenye bei.

Shangazi Kikwajuni: Nitapita leo baada ya alasiri. Nitahesabu vipago na kukutumieni picha ya ngazi, choo na mlango wa nje.

Mjomba Mikindani: Wakubwa wote wabebe vitambulisho vya taifa. Nauli ya boti kwa Mtanzania si sawa na ya mgeni, na pale dirishani watakuuliza. Dar mtalala Mbagala kwa mdogo wangu, nimeshamwambia. Mpande boti ya asubuhi, mtakaa majini kwa muda wa karibu saa mbili, Bibi akae katikati ya boti, siyo mbele.

Latifa: Bibi anauliza, Darajani tangawizi bei gani 😊

Shangazi Kikwajuni: Mwambie nitamuuliza muuzaji hiyo hiyo jioni.