Tupeane uzoefu: mwaka wa kwanza wa uhandisi ulikupokeaje?

Kokoto Nzima: Wakuu, leo nimempeleka mpwa wangu Kariakoo kununua tii-skweya na penseli za 2H, nikajikuta nacheka peke yangu mbele ya muuzaji. Dogo kapangiwa umeme. Waliopita huko tupeane uzoefu.

Naanza. Nimetoka PCM (fizikia, kemia na hesabu za kidato cha sita) najiona mbabe wa kalkulasi, karakana wananikabidhi kipande cha chuma na tupa ya kukisugulia. Kinyooshe, pembe ziwe mraba. Unaweka skweya, unainua dirishani, mwanga ukipenya hata uzi, rudi kwenye jiriwa. Upande huu ukinyooka, ule umeshapungua kipimo. Malengelenge nilienda nayo mpaka kwenye lekcha.

Pasi Ndefu: Umemsahau fundi wa karakana. Anakuja, anakitazama kipande, anakirudisha mezani, anaondoka. Hasemi kitu!

Binti Mchundo: Kwetu tuliotokea diploma hiyo tupa ilikuwa mapumziko. Wa PCM mliishika kama mwiko wa ugali, mnakandamiza kwenda na kurudi. Tupa inakata ikienda mbele tu jamani.

Chuma Chakavu: Na nyie ikifika intigresheni mnagonga vyumba vya watu saa nane usiku. Tulieni.

Binti Mchundo: Tuligonga, tukafaulu. Kuna mtu wa PCM aliuliza mbele ya darasa waya wa kijani na njano unaenda wapi, waya wa ethi huo! Nisimtaje, yumo humu.

Chuma Chakavu: 😂 Tuendelee na mada.

Mzee wa Bodi: Dogo kabla hajachora mstari aangalie kialama cha koni iliyokatwa kwenye karatasi. Kinaonyesha mpangilio wa picha: fasti engo plani (picha ya juu) inakaa chini ya elevesheni (picha ya mbele), thedi engo inakaa juu. Watu wamekesha na karatasi nzima, asubuhi inarudi na mkwaju mwekundu.

Yai la Kuku: Thedi engo ya Wamarekani hiyo, bongo haimhusu.

Mzee wa Bodi: Mashine za Japani kazini kwenu zinakuja na michoro gani? Tumieni akili.

Sitaki Jina: Mmenikumbusha mbali, ila yangu si ya droingi.

Kikundi chetu cha diskasheni kilikuwa na jamaa tukimwita Injinia. Statiksi yote, somo la nguvu kwenye vitu vilivyotulia, nilifundishwa na huyu. Anashika chaki: "Kwanza kitenge kitu peke yake, halafu uliza nani anakisukuma, nani anakivuta." Anachora mishale, unaelewa hapo hapo. Madesa ya mwaka mzima anayo, mitihani ya nyuma anayo. Bumu (hela ya mkopo) likitoka sisi tunakimbilia chipsi kuku, yeye anasema lake lina tatizo huko Bodi ya Mikopo. Chumba hana, tunabebana naye, leo huku, kesho kule. Test ya kwanza hatukumwona ukumbini, akasema alifanya na kundi lingine. Nani afuatilie?

UE, mtihani wa mwisho wa muhula, ikafika. Asubuhi ya paper ya statiksi anasema tumbo linamkata. Tukajua ni woga. Tukamvalisha viatu, tukamkokota mpaka mlangoni, tunamtania njia nzima. Msimamizi anapitisha kidole kwenye orodha, jina hakuna. Anarudia toka juu. Halafu akamtazama usoni: "Wewe si ulidisko mwaka jana?" Kumbe alishaondolewa chuo kwa kufeli.

Nyumbani kwao hawakujua. Mama yake alikuwa anamtumia hela ya kula, kanisani anaombewa akiwa mwanachuo. Alinyoosha mkono, akanipa kalkuleta yake maana yangu betri ilikuwa inafifia, akageuka. Sisi tukaingia kufanya mtihani aliotufundisha yeye.

Pasi Ndefu: Dah.

Yai la Kuku: Chai. Mtu anakaaje mwaka mzima darasani bila kujulikana?

Binti Mchundo: Wewe hujasoma uhandisi. Lekcha ya hesabu mwaka wa kwanza siviri, umeme, makenika, wote ukumbi mmoja, wengine wamekaa kwenye ngazi. Nani anamjua nani?

Chuma Chakavu: Leo nipo na Binti. Yuko wapi sasa huyo jamaa?

Sitaki Jina: Alirudi kwao. Nikaja kusikia anafundisha tuisheni ya fizikia. Kalkuleta yake ninayo.

Yai la Kuku: Mrudishie basi.

Kokoto Nzima: Mimi nimeanzisha uzi wa tupa jamani, mnanitisha. Ushauri wa dogo?

Mzee wa Bodi: Bodi ya kuchorea asinunue mpya, wa mwaka wa pili wanauza.

Pasi Ndefu: Za mwaka wa pili zimepinda zote. Anunue mpya.

Chuma Chakavu: Asome na kikundi.

Binti Mchundo: Vikundi ni vya umbea. Apige msuli mwenyewe, akikwama ndiyo atafute watu. Na kalkuleta aikague: sin 30 ikimpa -0.988 ipo kwenye redia badala ya digrii, asianze kulaumu lekchara.

Mzee wa Bodi: Na asijiite injinia mapema. Chuo miaka 4, halafu mafunzo ya kazi chini ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi miaka 3, ndiyo aombe usajili wa mhandisi mtaalamu.

Yai la Kuku: Mtaani ukinunua tii-skweya tu washakuita injinia.

Fundi Ubungo: Nina bodi ya A2, haijapinda, bei maelewano. Mleta mada njoo PM.

Pasi Ndefu: Weka picha. Ya mbele, ya juu na ya ubavuni.

Mzee wa Bodi: Kwa fasti engo.