Ushauri: Tawi letu la Ndanda linataka kuhamia Namungo, na hela ya mfuko iko kwangu

Mweka Hazina wa Magomeni
Wakuu salaam. Niko Mtwara mjini, Magomeni. Naomba ushauri, na watani wa Ruangwa, nyumbani kwa Namungo, mkija mje taratibu.

Sisi ni tawi la mashabiki wa Ndanda. Tulilianzisha timu ilipopanda Ligi Kuu 2014. Utaratibu ulikuwa kwamba korosho zikishauzwa mnadani na hela ikaingia, kila mwanachama anakatia tawi kidogo, mfuko unatuna, tunakodi Coaster kuifuata timu ugenini. Msimu wa 2019/20 tukashuka na hatujarudi mpaka leo. Coaster hatukodi tena, ila mfuko upo, laki nane na ushee, na mweka hazina ndiye mimi.

Sasa vijana wanataka tawi liwe la Namungo. Wanasema ndiyo timu ya kwetu iliyoko Ligi Kuu, haijashuka tangu ipande 2019, na mfuko uanze kazi kwa safari ya Ruangwa. Mwenyekiti wetu, mzee wa heshima, hataki hata kusikia. Kwenye kikao cha juzi kijana mmoja alikuja na jezi ya Namungo. Mzee akafunika daftari la mahudhurio kwa kiganja: "Wewe hapa sikuandiki." Kijana hakubisha. Akaivua, akaigeuza nje ndani, akaivaa tena. Mzee akamtazama weee, kisha akaandika jina. Tulicheka, ila tukaondoka na ugomvi wetu ule ule.

Mimi nifanyeje na hizi hela? Niwape vijana, nigawe kila mtu chake, au niendelee kuzilalia?

Chuno Juu
Kuzilalia hapana. Hela ya tawi ikikaa sana kwa mtu mmoja inaleta maneno hata kama hujagusa senti. Ni hayo tu kwa leo.

Mmwera Halisi
Karibuni Ruangwa, uwanja wa Majaliwa una nafasi. Mzee mwenyekiti tutamtafutia kiti cha kivulini.

Kiungo Mkabaji
Mkuu, tuwe wakweli kidogo. Msimu ule ule mlioshuka nyie, Namungo ndio kwanza wamepanda, wakamaliza nafasi ya nne, wakaingia fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam pale Sumbawanga. Simba wakashinda 2-1, goli la Namungo akifunga Edward Manyama, beki wa kushoto. Na kwa kuwa Simba walishakuwa mabingwa wa ligi, tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika ikaenda Ruangwa. Vijana wenu wakati huo walikuwa na miaka mingapi? Hiyo ndiyo timu waliyokulia. Ndanda wanaisikia kwenye hadithi za mzee.

Mama Korosho
Nami naongezea la Angola. Februari 2021 timu ilifika Luanda kucheza na Primeiro de Agosto, ikazuiwa kwa habari za corona, mechi haikuchezwa. Ikaamuliwa zote mbili zipigwe Dar. Ya kwanza Namungo 6-2! Ya pili tukafungwa 3-1, roho mkononi, tukapita kwa jumla ya 7-5. Siku ile hapa Lindi mjini kwenye kibanda umiza watu walisimama mpaka barabarani, na humo ndani kulikuwa na Wamakonde wa Mtwara wanashangilia kuliko sisi. Kwa hiyo msituambie Ndanda na Namungo ni maadui.

Nangwanda Mbao
Mama, malizia basi na yaliyofuata. Kwenye makundi na Raja, Pyramids na Nkana: mechi sita, vipigo sita, goli hata moja la kuotea halikupatikana.

Mama Korosho
Wewe nyumbani kwako uliwahi kufika kundi gani?

Fundi Spana
Ngojeni niseme jambo ambalo mleta uzi atalitumia kikaoni, maana hapa tunarushiana vijembe tu.

Hizi timu zetu za mikoani zinapanda na kushuka kwa sababu kikosi hakikai. Mchezaji anasaini mwaka mmoja, miwili ikizidi. Akiwaka, mwenye fedha anakuja. Akizima, anaachwa. Chukua Namungo ile ya makocha Hitimana Thierry na baadaye Hemed Morocco. Lucas Kikoti katikati alikuwa anaupoza mpira hadi unamwonea huruma anayemkaba. Mbele kuna Bigirimana Blaise na Reliants Lusajo, pembeni Sixtus Sabilo. Leo wako wapi? Manyama tukaja kumwona Azam, Sabilo akaenda Mbeya City, Kikoti Coastal Union. Lusajo, kwa maoni yangu straika aliyedharauliwa sana nchi hii (hana mbwembwe, hapigi danadana, lakini mpira ukidondoka kwenye boksi dogo la goli yuko hapo), naye kazunguka timu kibao. Wakaja kina Kichuya, na baadaye Kagere, majina makubwa yaliyoacha makali yao Simba. Sisemi hawakusaidia. Ila nafasi ya nne haijarudi.

Kwa hiyo vijana wakikwambia tuhamie Namungo kwa sababu wako juu, waulize: wakishuka mtahamia wapi? Na mzee akikwambia tubaki Ndanda ile ile, mwulize anamjua mchezaji gani wa Ndanda ya leo kwa jina. Swali hili la pili litauma zaidi.

Mweka Hazina wa Magomeni
Fundi, hilo la pili hata mimi limenichoma. Namkumbuka Atupele Green, namkumbuka Vitalis Mayanga. Wa sasa siwajui.

Kiungo Mkabaji
Nakubali yote ila la Kichuya napinga. Winga yule akiwa na mpira uliotulia bado alikuwa na jicho. Tatizo alizungukwa na watu wanaokimbia kabla hajainua kichwa.

Mtu wa Nanganga
Kuna jambo la jiografia mnalisahau. Ukiwa Ndanda penyewe, pale misheni, Ruangwa ni karibu kuliko Nangwanda Sijaona, uwanja wa Mtwara mjini. Unafika Nanganga unakata, lami hiyo mpaka Ruangwa. Watu wa Ndanda wenyewe wakitaka kuona Ligi Kuu wanaenda kwa Wamwera na hawaombi ushauri kwa mtu.

Nangwanda Mbao
Hahaha! Hiyo usimwonyeshe mzee.

Chuno Juu
Na mwenzenu niulize: hao vijana ni Namungo kweli, au wanataka Coaster siku Simba au Yanga wanakwenda Ruangwa? Kagua hapo kwanza. Nawajua watu wa Magomeni mimi.

Mweka Hazina wa Magomeni
Umenikamata. Tarehe waliyopendekeza ni ya mechi ya Yanga.

Mama Korosho
Basi jibu unalo, baba. Safari hiyo kila mtu ajilipie nauli yake. Mfuko wa tawi usikodi gari la kwenda kushangilia Yanga kwa kivuli cha Namungo.

Fundi Spana
Naungana na Mama. Laki nane haiokoi klabu, tusidanganyane. Lakini inanunua mipira ya maana na viatu vya watoto kadhaa wanaocheza ndondo peku hapo hapo mtaani. Itisha kikao, soma hesabu mbele ya watu, daftari mkononi, risiti zote. Halafu pigeni kura, na atakayetaka chake apewe chake kwa kadiri alivyochangia. Jina la tawi liacheni. Ushabiki wa mtu hauamuliwi na mweka hazina.

Mmwera Halisi
Na yule kijana wa jezi ya kugeuza apewe ukatibu. Huyo anajua siasa.

Mweka Hazina wa Magomeni
Asanteni wakuu. Kikao nimekiitisha Jumapili baada ya alasiri. Nimempigia mzee, kauliza swali moja tu: hivyo viatu vya watoto, tunaweza kuviandika Ndanda kwa nyuma?

Nangwanda Mbao
Mwambie rangi ninayo mimi.