Nimpeleke mama Botín, Madrid, au nitafute kwingine?

Habari za leo wakuu. Naomba ushauri kwa wanaoijua Hispania.

Mama anakuja kunitembelea hapa Ujerumani mwezi wa tano, na tumepanga kupita Madrid siku tatu. Amefundisha fasihi ya Kiingereza sekondari Tanga kwa zaidi ya miaka 30, na Hemingway ndiye mwandishi wake. Alianza kumpenda kwa ile hadithi ya Kilimanjaro, akaendelea na vingine.

Sasa kuna mgahawa unaitwa Sobrino de Botín, mtaa wa Cuchilleros, jirani na Plaza Mayor. Ulianza 1725 na Guinness wanautambua kuwa mkongwe kuliko yote duniani. Humo ndimo Hemingway alimowaketisha wahusika wake Jake na Brett mwishoni mwa riwaya ya The Sun Also Rises, wanakula mchana ghorofani. Nakala ya mama jalada lake limeshonwa kwa uzi mweusi, na ukurasa huo ameupigia mstari kwa penseli. Nimeuona tangu nikiwa mdogo.

Shida ni kwamba wale wawili wanakula kitoto cha nguruwe cha kuokwa, na ndicho kilichoupa mgahawa sifa mpaka leo. Sisi ni Waislamu. Halafu magoti ya mama hayapendi ngazi. Nifanyeje?

Mkaazi wa Lavapiés:
Mkuu, mpeleke. Nimeishi Madrid miaka minne na nimekula pale mara mbili. Tanuri lipo chini, ni la kuni za mwaloni, na wenyewe husema moto wake haujawahi kuzimika. Mwanakondoo wao ana sifa pia, lakini anaokwa tanuri hilo hilo na nyama si halali, kwa hiyo msimguse. Agizeni samaki. Kuna lenguado, wale samaki bapa kama gayogayo wetu, na kuna ngisi wa kupikwa kwa wino wake, ila sosi uliza kama ina mvinyo. Supu ya kitunguu saumu na yai msiinywe kabla ya kuuliza, maana Wahispania hupenda kuitia jamón, yaani paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi. Shika maneno mawili: "sin cerdo", yaani bila nguruwe, na "sin vino". Bei imechangamka, jiandae kwa euro 50 kila mtu au zaidi.

Bint Pangani:
Mimi naona umuulize mama kwanza, usimfanyie jambo la ghafla. Nilimpeleka baba mkwe kwenye mgahawa wa namna hiyo, mji mwingine wa Hispania. Meza ya jirani wakaletewa nguruwe mzima na kichwa chake, rangi ya asali, ngozi inapasuka kwa sauti. Mzee aliweka kipande cha mkate chini na hakukigusa tena. Tulilipa tukatoka na njaa, na mimi nilijilaumu safari nzima.

Kama mama hatapenda, nendeni San Ginés mkanywe chokoleti nzito na churros, vile vitafunio virefu vya unga vya kukaangwa. Pamefunguliwa 1894, na mwandishi Valle-Inclán alipaingiza kwenye tamthilia yake ya Luces de Bohemia. Kisha mteremke Barrio de las Letras, kitongoji cha waandishi. Calle de las Huertas ina maneno ya waandishi yaliyotiwa kwa herufi za shaba chini unapokanyaga. Nyumba ya Lope de Vega, mtunzi wa tamthilia wa zamani, ipo mtaa wa Cervantes, na Cervantes mwenyewe, yule wa Don Quixote, amezikwa kwenye nyumba ya watawa iliyopo mtaa wa Lope de Vega. Mwalimu wa fasihi atakaa hapo kutwa.

Mzee wa Reli:
Wekeni meza mapema kwenye tovuti yao, na muende mchana, saa saba kamili wanapofungua. Usiku wanaanza saa mbili na mama atakuwa amechoka. Ombeni meza ya chini, usawa wa barabara. Ukumbi wa handakini ni mzuri, kuta za matofali, ila ngazi zake ni nyembamba.

Mwenye uzi:
Nashukuruni sana. Nimempigia mama. Kasema nguruwe wa watu wengine hamhusu, yeye atakula samaki. Ila meza ya chini kaikataa, anataka ghorofani kama kwenye kitabu, ngazi atapanda polepole huku nimemshika mkono. Ameuliza kama hao lenguado wana miiba mingi.

Mkaazi wa Lavapiés:
Mfupa wa kati tu. Mwambie mhudumu amtolee mezani.