Kalenda ya Babu: gumzo la familia kuhusu Krismasi ya Kilema

28 Novemba

Baba Mkubwa (Dodoma), saa 1:15 usiku
Tumsifu Yesu Kristo. Nawasalimu wote, wakubwa kwa wadogo. Kama ilivyo desturi yetu, nafungua mapema mazungumzo ya Krismasi ili kila mmoja apange likizo na nauli. Napendekeza kwamba ifikapo tarehe 23 Desemba wote tuwe tumefika nyumbani Kilema, Kilimanjaro, tusherehekee Noeli pamoja na Mama, tarehe 26 tukae kikao cha familia, na Jumapili ya Familia Takatifu mtoto mchanga wa Dar es Salaam abatizwe katika parokia yetu. Mchango ubaki shilingi 150,000 kwa kila nyumba. Naomba mthibitishe.

Shangazi Mdogo (Mombasa), saa 1:40 usiku
Milele na milele, amina. Shikamoo Kaka. Mimi na watoto tutapita Voi na Taveta, tuvuke Holili, kisha tukifika Njia Panda ya Himo tupande nyumbani. Mwaka jana tulivuka mpaka tarehe 24, tukakuta foleni iliyotumaliza, nikafika kanisani misa ya mkesha ikiwa imefika kwenye mahubiri. Mwaka huu nitatoka tarehe 22 alfajiri.

Mjukuu wa Kwanza (Dar es Salaam), saa 2:05 usiku
Shikamooni wote. Baba anasema tutathibitisha baada ya kujua siku za usafiri. Tangu treni ya abiria ya Moshi irejee Desemba 2019 nimekuwa nikiipenda kuliko basi, kwa sababu mizigo haihesabiwi kwa ugomvi, lakini Desemba tiketi zake zinawahi kwisha. Mwaka jana nilichelewa, nikaangukia basi ambalo kondakta wake alitutoza zaidi ya nauli iliyoandikwa kwenye tiketi, na tulipouliza akatuambia anayetaka kushuka ashuke Chalinze. Sitaki tena jambo hilo litukute na mtoto mchanga.

Baba Mdogo (Mwanza), saa 2:30 usiku
Shikamoo Kaka, shikamooni Dada zangu. Mimi nathibitisha. Kama kawaida, tutafika tarehe 24 jioni.

Shangazi (Kilema), saa 3:10 usiku
Marahaba, wadogo zangu. Nimemsomea Mama ujumbe wote, akiwa amekaa hapa jikoni kando ya moto. Ameniomba niandike maneno yake kama alivyoyasema, nami sipunguzi wala siongezi: “Naona mmesema mtafika tarehe 22, 23 na 24. Mbege ya kunywa Krismasi nani ataianza?”

Shangazi (Kilema), saa 3:12 usiku
Baada ya hapo amenyamaza, anaendelea kuchambua maharage.

29 Novemba

Baba Mkubwa (Dodoma), saa 12:50 asubuhi
Nimelala na swali la Mama. Lazima nikiri mbele yenu kwamba katika miaka yangu yote ya kwenda nyumbani Desemba sijawahi kujiuliza mbege, pombe yetu ya ndizi, inaanza lini. Ninafika, Baba ananipa kibuyu, nakunywa. Tangu tumzike mwezi wa nne nimekuwa nikiwaza nani ataongoza sala mezani na nani atachinja mbuzi, lakini siku zile za kabla hatujafika hazikunijia akilini. Kwa kuwa Mama ana miaka 84 na hatupendi achoke, napendekeza mwaka huu tununue mbege kwa majirani wanaouza, na nyama tuichukue buchani Himo. Hakuna atakayetulaumu.

Shangazi (Kilema), saa 1:30 asubuhi
Kaka, nimekuelewa, na najua umesema kwa upendo. Lakini naomba uangalie picha ninayoituma sasa hivi.

Shangazi (Kilema), saa 1:31 asubuhi
[Picha]

Shangazi (Kilema), saa 1:44 asubuhi
Hiyo ni kalenda ya parokia ya mwaka jana, iliyotundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni. Ni Baba aliyeweka alama hizo kwa penseli ya seremala, ile nene, na kwa kuwa macho yalikuwa yamepungua nguvu aliandika kwa herufi kubwa zilizovuka mistari ya siku. Tarehe 10 ameandika “ndizi”. Kuanzia tarehe 12 hadi 16 kuna neno moja, “ulezi”. Tarehe 17 ameandika “moto”, na tarehe 20 “kuni, njia, majani ya mbuzi”. Tarehe 22 ni “msesewe”, na tarehe 23 ni “kuchanganya”. Tarehe 24 hakuandika shughuli yoyote, ameandika “wanakuja”.

Shangazi Mdogo (Mombasa), saa 1:52 asubuhi
Dada, nimesoma neno hilo la mwisho nikiwa ndani ya matatu, nikashindwa kujizuia.

Mjukuu wa Kwanza (Dar es Salaam), saa 2:20 asubuhi
Shangazi, shikamoo. Naomba utufafanulie kila alama maana yake ni nini, kwa sababu sisi tuliozaliwa mjini tunaijua mbege ikiwa tayari tu.

Shangazi (Kilema), saa 4:35 asubuhi
Marahaba, mwanangu. Nimerudi kutoka kukata majani ya ng'ombe, sasa naweza kuandika kwa utulivu.

Mbege ni ndizi mbivu na ulezi, na kila kimoja kina safari yake hadi vikutane siku moja. Mikungu inakatwa ikiwa imekomaa lakini bado mibichi, halafu inavundikwa kwa majani makavu ya migomba, na kwa baridi yetu ya Kilema haiivi chini ya wiki moja. Ndiyo sababu Baba alianza tarehe 10. Ndizi zikiiva zinamenywa na kuchemshwa kwenye pipa kwa saa nyingi, moto usizidi wala usilale, mpaka rangi igeuke kuwa nyekundu kama udongo wa barabara yetu. Kisha zinaachwa zipoe na kuchachuka kwa siku kadhaa, na baadaye huchujwa.

Wakati huohuo ulezi unalowekwa, unafunikwa mpaka uchipue, unaanikwa juani na kusagwa ili tupate kimea. Mvua za vuli zikichelewa kuisha, hapo ndipo pana shida, maana kimea kisipokauka vizuri kinaota ukungu na pombe nzima inaharibika. Baba alikuwa akiusambaza ulezi kwenye mkeka, akisikia ngurumo anaukunja na kuuingiza ndani, jua likitoka anaurudisha nje, hata mara nne kwa siku. Siku ya mwisho kimea kinapikwa uji, uji unapoa, unachanganywa na maji ya ndizi yaliyochujwa, na gome la msesewe ndilo linaloleta ule uchungu mnaousifia. Kesho yake inanyweka. Haikubali kukaa: ikilala siku mbili tatu inakuwa kali, na ndiyo maana haiwezekani kuipika mapema na kuiweka akiba mpaka mfike.

Kuhusu kununua, mbege ya kununua ni nzuri na Mama mwenyewe haikatai. Anachosema ni kwamba mchana wa tarehe 25 majirani wa pande zote za kihamba, shamba letu la migomba, huja kwetu, kama sisi tunavyokwenda kwao, na tangu aolewe hapa hajawahi kumpa jirani mbege iliyotoka kwa jirani mwingine.

Baba Mkubwa (Dodoma), saa 5:00 asubuhi
Naondoa pendekezo langu. Pia naomba radhi kwa kulitoa kabla ya kuuliza.

Shangazi (Kilema), saa 5:06 asubuhi
Kuhusu nyama pia nikujulishe, Kaka, kwamba mbuzi yupo. Mama alimnunua Septemba kwenye gulio la Himo, kabla bei haijapanda, kama Baba alivyokuwa akifanya. Yuko bandani, anakula majani ya migomba na maganda ya ndizi, na ameshanenepa. Mama hakumwambia mtu. Mimi nilimwona siku nilipoingia bandani kuchukua jembe.

Baba Mdogo (Mwanza), saa 7:20 mchana
Nimesoma kila kitu nikiwa kazini na nimeona nisijibu kwa haraka. Ndugu zangu, mimi ndiye kitinda mimba. Kwa mila yetu nyumba ya wazazi na kihamba kinachoizunguka vinabaki kwangu, na tulipomzika Baba wazee walilitamka jambo hilo mbele ya watu, nikaitikia kwa kichwa. Lakini kila Desemba mimi ndiye ninayefika wa mwisho, tarehe 24 jioni, watoto wakikimbilia mtori ambao sikujua ndizi zake zimemenywa na nani. Nimemwomba mkuu wangu wa kazi likizo kuanzia tarehe 8, naye amekubali. Shule zitakuwa zimefungwa, hivyo tutasafiri wote kwa njia ya Singida na Babati, tulale Arusha, na tarehe 9 jioni nitakuwa nyumbani. Dada, nitahitaji unielekeze, kwa maana sijawahi kufanya kazi hii tangu mwanzo hadi mwisho.

Shangazi (Kilema), saa 7:25 mchana
Nitakuelekeza, mdogo wangu. Panga la Baba lipo palepale.

Mjukuu wa Kwanza (Dar es Salaam), saa 7:48 mchana
Baba Mdogo, nina siku za likizo ambazo sijazigusa mwaka mzima. Nitakuja kwa treni tarehe 15, nishike kazi ya ulezi na kuni. Baba na Mama watafuata na mtoto.

Shangazi (Kilema), saa 8:10 mchana
Karibu sana. Ila kuhusu ubatizo msisahau barua ya Jumuiya Ndogo Ndogo yenu na ya paroko wa huko Dar es Salaam, kwa sababu Desemba watoto wa kubatizwa ni wengi na ofisi ya parokia haimwandikishi aliyekuja mikono mitupu. Parokia hii ipo tangu 1890 na taratibu zake ni zilezile. Wazazi wa ubatizo nao walete vyeti vyao.

Shangazi Mdogo (Mombasa), saa 8:31 mchana
Mimi nitasimamia chakula cha tarehe 25 ili Mama asishike mwiko: mtori asubuhi, machalari ya ndizi na nyama mchana, na pilau kwa watoto wasiozoea ndizi. Viungo vya pilau nitavinunua hapa Mombasa. Kaka, wewe uchinje, na kisusio, ile supu ya damu ya mbuzi, kipikwe na Dada. Naomba tu tukumbushane mgao wa nyama, kwa sababu Baba alikuwa anaugawa bila kuuliza na kila mtu alipata kipande chake kilekile kila mwaka.

Baba Mkubwa (Dodoma), saa 8:50 mchana
Kipande chako ni mbavu za kushoto, nakumbuka tangu utotoni, maana nilikuwa nakitamani. Mengine Mama atatuambia. Jambo langu la mwisho ni kaburi. Nilikuwa nimepata fundi wa kulijengea kwa vigae kabla ya sikukuu. Naomba mawazo yenu.

Shangazi (Kilema), saa 9:30 alasiri
Nimemuuliza Mama. Anasema udongo haujatulia, tusubiri mwakani. Isale, mmea wetu wa mila, tuliyoipanda kichwani siku ya mazishi imeshika vizuri na ina majani mapya manne. Anataka tu magugu yang'olewe na maua yawekwe baada ya misa, sote tukiwapo, watoto wakipewa nafasi ya kwanza.

10 Desemba

Baba Mdogo (Mwanza), saa 3:40 asubuhi
Nawasalimu kutoka kihambani. Tumekata mikungu tisa. Nilitaka kuongeza wa kumi uliokuwa karibu na mfereji, Mama akanizuia, akasema ule ni mchare, uachwe kwa ajili ya mtori. Usiku ulikuwa wa baridi sana na watoto wangu walilala wamevaa masweta. Asubuhi Mama alinipa kalenda mpya ya parokia na penseli. Nimeandika “ndizi”.

Baba Mkubwa (Dodoma), saa 3:55 asubuhi
Mungu akubariki, mdogo wangu. Mchango wangu nimeutuma leo, na nimeongeza wa kuni.

17 Desemba

Mjukuu wa Kwanza (Dar es Salaam), saa 12:20 jioni
Shikamooni. Jana mvua ilitupiga mara tatu, na mara tatu tulikimbia na mkeka. Ulezi umepona. Leo moto umewashwa saa 11 alfajiri, na nimejifunza kwamba kuni mbichi hutoa moshi unaoingia kwenye pipa na kuharibu ladha, hivyo nusu ya kuni nilizobeba kwa bidii zimerudishwa nyuma ya banda. Saa 9 alasiri Baba Mdogo aliona rangi imegeuka, akataka kuupunguza moto. Bibi alisimama, akachota kidogo kwa kata, akaimimina taratibu kurudi pipani huku akiitazama inavyodondoka, kisha akasema, “Bado. Baba yenu angeongeza gogo moja.” Tumeongeza gogo moja.

Shangazi Mdogo (Mombasa), saa 12:45 jioni
Mwambie Bibi nimemsikia mpaka huku. Nimekwisha kupata bizari, mdalasini na iliki.

21 Desemba

Shangazi (Kilema), saa 2:15 usiku
Taarifa ya leo: njia kutoka barabarani hadi uani imesawazishwa kwa changarawe, kwa sababu matope yalikuwa yamezidi na magari yangekwama. Anayekuja na gari dogo aliegeshe kanisani kama mvua itanyesha usiku. Kesho tunachukua msesewe, keshokutwa tunachanganya. Kaka, Mama anauliza kama utapita Moshi mjini, ununue mishumaa miwili mikubwa, mmoja wa ubatizo na mmoja wa kaburini.

Baba Mkubwa (Dodoma), saa 2:22 usiku
Nitaileta yote miwili. Natoka Dodoma kesho alfajiri badala ya keshokutwa, ili nami niwepo siku ya kuchanganya. Mniachie nafasi ya kushika mwiko.