Mrejesho: mpwa wangu na mashine ya kupumulia

Habari zenu. Mwezi uliopita niliuliza kama familia inaweza kukataa mashine izimwe, baada ya madaktari kusema ubongo wa mpwa wangu umekufa kufuatia upasuaji wa koo. Asanteni sana mlionijibu.

Tulifuata ushauri wa kuomba daktari wa ubongo kutoka nje ya hospitali ile, na wa kushuhudia vipimo wenyewe. La kwanza walikubali upesi. La pili tulibishana siku mbili. Nilisimama miguuni pa kitanda. Tochi machoni, mboni hazikusinyaa. Kisha mashine ikaacha kusukuma pumzi, oksijeni ikiendelea kuingia kwa mrija, kabonidayoksaidi ikapanda kwenye damu, jambo ambalo hulazimisha ubongo ulio hai kuvuta pumzi, lakini kifua hakikuinuka hata kidogo. Wakarudia baada ya kupita saa 12, majibu yaleyale. Na kile kidole kilichokuwa kikicheza, kilichotupa moyo sote, kumbe kilichezeshwa na neva za uti wa mgongo tu, si ubongo.

Ushauri wa kuleta msuluhishi haukufaa. Shemeji alitoka kikaoni. Dada, aliyekuwa mkali kuliko wote, ndiye aliyesema "basi" baada ya kuona kile kifua.

Tulimzika Ijumaa. Shemeji bado hasemi nami.