Mjadala: Mita 60 za kando ya mto. Tuache pori lirudi, au tulifyeke ili kuondoa usubi?

Mleta mada

Wakuu, habari za jioni. Kuna jambo limetugawa kijijini kwetu huku Usambara Mashariki, upande wa Amani, nikaona nililete hapa lichambuliwe.

Wiki iliyopita tulikuwa na mkutano wa kijiji kuhusu kingo za mto. Mgeni wetu alisoma lile ambalo kila mkulima wa huku analijua kwa moyo: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, mita 60 kutoka mtoni. Wenye migomba na magimbi humo watoke, pori lirudi. Basi mzee mmoja akasimama, akapandisha suruali mpaka gotini, akauweka mguu juu ya benchi. Muundi wote una madoa meupe juu ya ngozi nyeusi, kama mtu aliyemwagiwa matone ya chokaa. Akasema, "Pori mnalotaka lirudi ndilo lililonipa hii. Tulipolikata, usubi ukaenda zake. Leo mnaurudisha kwa barua."

Watu wakacheka. Mimi nilimkumbuka bibi yangu, aliyekuwa akijikuna usiku kucha kwa gunzi la mahindi. Asubuhi gunzi lina damu, na shuka vilevile.

Kwa wasioujua: usubi ni kainzi keusi, kadogo, kenye mgongo uliobinuka, kanakouma mchana. Kanaambukiza minyoo. Minyoo mikubwa hukaa ndani ya vinundu chini ya ngozi na huweza kuishi miaka 10 hadi 15, ikizaa vijinyoo kwa mamilioni vinavyotembea ndani ya ngozi. Hapo ndipo penye mwasho, ngozi kukunjamana kama ya mjusi, halafu hayo madoa tunayoita ngozi ya chui. Vikifika machoni, mtu anapofuka. Mabuu ya mdudu huyu hukulia kwenye maji yanayokimbia, si kwenye dimbwi.

Sasa, mzee hakuropoka. Mwaka 1990 watafiti wawili, Muro na Mziray, walichapisha kwamba ugonjwa wa usubi ulikuwa umepungua Usambara Mashariki na kwamba huenda sababu ni kukatwa kwa misitu. Hiyo ni kabla Mectizan, vidonge vya kuua vijinyoo hivyo, havijaanza kugawiwa huku.

Swali langu: kama kukata msitu kulituponya, kwa nini tukubali kuurudisha mtoni?

Mkulima wa iliki

Mleta mada umegusa penyewe. Mimi shamba langu la iliki lilichukuliwa kwa ajili ya hifadhi. Nilifidiwa, ndiyo, lakini uliza mtu yeyote kama fidia ilitosha kununua ekari nyingine yenye kivuli. Sasa wanahamia kwenye bonde, sehemu pekee inayobaki na unyevu kiangazi.

Na tusidanganyane, haya maji hayalindwi kwa ajili yetu. Mto Sigi unashuka hadi bwawa la Mabayani, linalonywesha jiji la Tanga. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga iliuza hatifungani ya kijani, yaani ilikopa kwa umma kwa ajili ya miradi ya maji na mazingira, wawekezaji wakamiminika. Vizuri sana. Huku juu mtoto akiumwa na usubi, hatifungani hiyo inamkuna?

Bwana afya mstaafu

Nimefanya kazi za usubi kwa miaka mingi, Tanga na baadaye Ulanga, kwa hiyo naomba mnivumilie nikiandika kirefu kidogo.

Kosa linaloanza mapema katika mjadala huu ni kusema "usubi" kana kwamba ni mdudu mmoja. Ni koo kadhaa, na hazilelewi namna moja. Ule uliokuwa ukiwasumbua wazee wa Amani, wataalamu wanauita *Simulium woodi*. Maisha yake ni kichekesho: mabuu yake hayashiki jiwe wala jani, yanapanda juu ya kaa wa mtoni na kusafiri naye anakokwenda. Na mdudu mwenyewe akishakuwa mkubwa anahitaji kivuli na ubaridi wa msitu mnene. Kaa wanaweza kubaki mtoni, lakini ukiondoa miti, mdudu anapotea. Kwa hiyo mzee wenu yuko sahihi, *kwa usubi huo*.

Kenya waliliona hilo kabla yetu. Ndugu yake huyu mdudu, *Simulium neavei*, alikuwa Nyanza. Miaka ya 1940 vichaka vilifyekwa bonde la Riana, na mdudu akatoweka. Bonde la Kodera, huko huko Nyanza, walimwaga sumu ya DDT mitoni kuanzia 1946, na hapa ndipo pananichekesha kila mara: walimmaliza pale bila kujua mabuu yake yanakaa wapi. Siri ya kaa iligunduliwa karibu na 1950, na waliogundua ni van Someren na McMahon. Kufikia katikati ya miaka ya 1950 Kenya ilikuwa imemfuta.

Lakini kuna ukoo wa pili, *Simulium damnosum*. Huyu hana shida na kaa. Anashika jani linaloning'inia majini, mzizi, jiwe, hata zege. Anapenda maporomoko yenye jua. Huyu ukimkatia msitu hujamfanya kitu, pengine umemfungulia mlango. Kusini mwa Ghana na Togo misitu ilipokatwa, usubi wa mbugani wa ukoo huu ulishuka kwenye maeneo ambayo zamani yalikuwa ya wenzake wa msituni. Na minyoo inayosambazwa na usubi wa mbugani ndiyo inayopofusha zaidi.

Usambara kuna koo zote mbili. Kabla ya kuchukua panga, jiulize unamfuata nani.

Mwanamke wa Mahenge

Shikamoo bwana afya. Nashukuru umeitaja Ulanga, wilaya yetu, maana huku kwetu tukisikia mtu anasema "usubi ulikwisha tulipokata miti" tunabaki kutazamana.

Mahenge tumekata. Milima iliyokuwa msitu nilipokuwa msichana sasa ni mahindi na mpunga wa mlimani. Usubi haukwenda popote. Ukiteremka mto Luli au Mzelezi kuchota maji saa nne asubuhi unajipiga miguu mpaka ndoo inamwagika. Dawa tunakunywa: anakuja mgawa dawa na fimbo yake ya kupimia urefu, anakuambia vidonge vingapi. Kwa miaka mingi ilikuwa mara moja kwa mwaka, sasa ni mara mbili. Mwasho umepungua, siwezi kukana. Ila dawa inaua vijinyoo tu, mama yao yumo ndani anaendelea kuzaa, na usubi unaendelea kuuma.

Na huku hatuhesabu ngozi tu. Tunahesabu kifafa. Daktari Louise Jilek-Aall alifungua kliniki ya kifafa Mahenge tangu karibu na 1960, na aliona watoto wanaoinamisha kichwa mara kwa mara, tunasema *amesinzia kichwa*. Siku hizi watafiti wanakihusisha na usubi. Mdogo wangu alianza hivyo, akiwa na bakuli la uji mkononi. Kwa hiyo anayetaka kujaribu nadharia yake mtoni, ajue anajaribu juu ya nini.

Mwanafunzi wa misitu

Samahani, lakini naona hatari moja. Mkishasema hadharani "msitu ndio ugonjwa", mtu mwenye msumeno hatauliza ni usubi wa ukoo gani. Tumeona kule Sakale, huku huku Usambara, watu walipochimba dhahabu, mto ulivyogeuka tope. Huko pia mngesema usubi ulipungua, maana mabuu hayapendi tope. Je, tuwashukuru wachimbaji?

Halafu msitu ukiondoka, kiangazi mto unakuwa uzi. Mvua ikinyesha unashuka na udongo wa shamba lote. Mita 60 hazikuwekwa kwa kumkomoa mtu.

Mkulima wa iliki

Kijana, uzi huo unaousema mimi nauchota kila siku. Wewe umeusoma.

Mwanafunzi wa misitu

Baba, nimezaliwa Muheza. Mama yangu anachota mto Kihuhwi.

Mkulima wa iliki

Basi yaishe. Pole.

Mchangiaji kutoka kaskazini mwa Uganda

Salamu kutoka wilaya ya Moyo. Naona mnabishana msitu wote au hakuna, sisi tulipita katikati. Huku usubi wetu ni huo wa pili, wa majani. Vijana wa kijiji walifundishwa kutambua mahali maji yanapokimbia kwenye jiwe, wakaingia na mapanga na kukata mimea inayoburuza majini tu. Si miti ya ukingoni, ni yale majani yanayochezea maji. Mabuu yakibaki kwenye majani yaliyotupwa nchi kavu, yanakauka. Kazi ya siku chache. Kuumwa kulipungua mno, kwa namna ambayo hata asiyehesabu alijua.

Maridi, Sudan Kusini, walifanya hivyo hivyo kwenye njia ya kumwagia maji ya bwawa. Bwawa ndilo lililowaletea usubi: maji yanaporomoka juu ya zege, majani yanaota kando, mdudu anapata nyumba. Hilo nalo ni matumizi ya ardhi, jamani. Mmesema miti na mashamba, hakuna aliyetaja mabwawa wala vizuizi vya kufua umeme.

Shida yake niseme: majani yanaota tena. Ukiacha msimu mmoja, umerudi ulipoanza. Na hakuna anayependa kuingia mtoni bila posho mwaka wa tatu.

Bwana afya mstaafu

Ahsante sana, ndugu wa Moyo, umenisaidia. Kwa Mahenge ningeunga mkono njia hiyo kesho asubuhi, sambamba na dawa. Kwa Usambara ningesita, kwa kuwa kwa usubi wa kaa kukata majani ya majini hakusaidii kitu. Ungelazimika kuondoa kivuli chenyewe, na bei yake ni kubwa mno. Zaidi ya hayo, dawa sasa ipo. Mwaka 1987 kampuni ya Merck ilitangaza kuitoa bure kwa muda wote itakaohitajika. Mzee wa muundi alipokuwa kijana hakuwa na chaguo, mlinganyo wake ulikuwa msitu au ngozi. Wetu si huo. Niger ilithibitishwa na Shirika la Afya Duniani Januari 2025 kuwa imeutokomeza ugonjwa wa usubi, ya kwanza Afrika, na walipitia kupulizia mito na kugawa dawa, hawakuhitaji kukata nchi nzima.

Mwanamke wa Mahenge

Bwana afya, na sheria? Tukiingia na mapanga mtoni, si tutakamatwa ndani ya hizo mita 60?

Mchangiaji, wakili

Nimekifungua kifungu. Kinakataza shughuli za kudumu, *au* zile ambazo kwa asili yake zinaweza kudhuru hifadhi ya mto. Kukata majani yanayoota tena baada ya wiki chache si jambo la kudumu. Lakini hiyo "au" ni pana, na mgambo hasomi nukta. Andikeni barua kwa bodi ya maji ya bonde lenu, mpate idhini yenye mhuri, mwende nayo mtoni. Kwenye migomba ya mleta mada siwezi kuwatetea kirahisi hivyo.

Mleta mada

Nimesoma yote, nashukuru. Nakiri nilikuja na hasira ya mzee wangu nikidhani nina hoja moja, kumbe nilikuwa na wadudu wawili. Bado sijakubali kwamba wakulima wa bondeni waondoke bila kuonyeshwa pa kwenda, hilo lina mjadala wake. Ila ile sentensi ya "pori ndilo ugonjwa" nitaiacha.

Jumapili nilikwenda na vijana wawili kukamata kaa. Watatu tuliwapata chini, penye migomba na jua. Tuliwageuza, miguu safi kabisa. Wanne tuliwatoa juu, ndani ya hifadhi, kwa ruhusa ya askari wa msitu aliyebaki kutucheka. Wawili kati yao, kwapani pa miguu, wana vitu vya kahawia vidogo kama punje za uwele, na vingine vimekaa ndani ya kijifuko kama ndara. Nimewaweka kwenye ndoo. Bwana afya, ndio wenyewe hao? Nifanye nini nao?

Bwana afya mstaafu

Inaelekea ndio, lakini wa ukoo upi hasa ni lazima aone mtu wa darubini, wapo wa kaa wasiouma watu. Usiwabandue kwa kucha. Tumia kibanio, tia kwenye chupa ndogo yenye spiriti, wa kila kaa chupa yake. Andika jina la kijito, kivuli au jua, na tarehe kwenye kipande cha karatasi, ukitumbukize humo humo ndani. Na andika kwa penseli, kalamu ya wino itayeyuka.